Seva ya nyumbani: Nakala ya akiba ipi ichaguliwe?

SEVA ya nyumbani ni kompyuta inayotunza picha za familia, hati za shule na hesabu za biashara kwa matumizi ya wote waliomo ndani ya nyumba. Diski yake inapoharibika vyote hupotea kwa pamoja, isipokuwa kama mwenyewe alikwishaweka nakala za akiba mahali pengine.

Zipo njia kuu tatu za kuweka nakala hizo. Ya kwanza ni nakala kamili, ambapo kila faili hunakiliwa upya. Kuirejesha ni rahisi, lakini hula nafasi na muda mwingi.

Ya pili ni nakala ya nyongeza, ambayo huchukua tu yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia. Ni nyepesi, ila hutegemea mlolongo mzima. Nakala moja ya katikati ikiharibika, zinazoifuata huenda zisifae. Ya tatu huchukua yote yaliyobadilika tangu nakala kamili ya mwisho. Hiyo hukua kila siku, lakini kurejesha huhitaji nakala mbili tu.

Kwa nyumba nyingi, nakala kamili kila wiki na ya nyongeza kila usiku hutosha.

Wengi hukosea kwa kudhani kuwa diski mbili zinazoandikwa taarifa zilezile kwa wakati mmoja, kwa mfumo wa RAID, ni akiba. Mfumo huo husaidia diski moja inapokufa. Hata hivyo, faili likifutwa kwa bahati mbaya, au likifungwa na programu ya kudai fidia kama WannaCry iliyosambaa Mei 2017, diski zote mbili hupata dhara hilo papo hapo.

Kanuni iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani, Peter Krogh, ni ya 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Wezi na moto havichagui diski.

Nakala ya nje yaweza kupelekwa kwa intaneti, lakini gigabaiti 500 kwa kasi ya megabiti tano kwa sekunde huchukua zaidi ya siku tisa. Ni nafuu kubeba diski ya kwanza hadi kwa ndugu, kisha kutuma mabadiliko tu. Diski hiyo ifungwe kwa nywila, nayo nywila isihifadhiwe ndani ya seva ileile.

Muhimu zaidi ni kujaribu kurejesha. Januari 31, 2017, fundi wa kampuni ya GitLab alifuta hifadhidata kwa makosa, na ikabainika kuwa njia kadhaa za akiba zilizotegemewa hazikuwa zikifanya kazi. Taarifa za takriban saa sita zilipotea.

Kwa hiyo, kila mwezi yafaa kurejesha mafaili machache na kuyafungua. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu, si akiba.