Kabla ya kuuliza mashine: somo nililopewa Malaba

Nimekuwa kimya, kazi zilinizidi. Leo tuache kidogo kuandika programu, niwasimulie aibu iliyonipata.

Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori walikaa siku kadhaa Malaba na Busia wakisubiri majibu ya vipimo ndipo wavuke kwenda Uganda. Penye foleni hapakosi drafti: ubao, vizibo vya soda, barakoa zimeshushwa kidevuni. Dereva mmoja mzee alikuwa amebanwa, na watazamaji wanabishana afanyeje. Nikatoa simu, nikaipanga ile hali kwenye programu, nikatangaza jibu. Ubishi ukakatika papo hapo. Mzee akanifuata, na muda si mrefu kingi wa mpinzani akatoka kona ya mbali akamla. Programu yangu ilijua drafti ya Kiingereza, ambayo kingi huenda hatua moja moja. Pale Malaba kingi hukimbia.

Mzee akaniambia, "Kijana, umeniletea jibu la swali la watu wengine."

Nikarudi nyumbani kusoma historia. Wachezaji wa bakigamoni walikutana na jambo hili mapema. Ni mchezo wa watu wawili, kila mmoja na kete 15, na dadu mbili. Mwaka 1979, kule Monte Carlo, programu ya Hans Berliner iitwayo BKG 9.8 ilimshinda bingwa wa dunia, Luigi Villa, kwa 7 kwa 1. Berliner angeweza kujigamba. Badala yake aliichambua mechi, akaandika wazi kwamba dadu ziliipendelea mashine na kwamba Villa ndiye aliyecheza kwa ustadi zaidi. Huo ndio uungwana.

Mwaka 1992 Gerald Tesauro wa IBM akaleta TD-Gammon, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake. Dadu za kwanza zikiwa 2 na 1, wataalamu wengi walizoea kuacha kete peke yake mahali pa hatari karibu na nyumbani. Mashine ikapendelea kusogeza kete ya nyuma. Wataalamu wakapima, wakabadilika. Hawakukubali kwa sababu mashine imesema, bali kwa sababu waliijaribu hoja yake.

Kuijaribu kukoje? Hali moja huchezwa hadi mwisho mara mamia au maelfu, kila mara kwa dadu mpya, kisha hutafutwa wastani. Ukicheza mara 100 tu, tofauti ndogo kati ya hatua mbili huenda ni bahati ya dadu. Kwa hiyo anayeleta jibu bila kusema ni programu gani, imecheza mara ngapi, na alama za mechi zilikuwa ngapi, ameleta nusu ya jibu.

Drafti nayo ina historia yake. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alitangaza kwamba programu yake Chinook imeutatua mchezo huo: wote wawili wasipokosea, ni sare. Lakini ni drafti ile ile ya kingi wa hatua moja. Ya Malaba haimo.

Sasa nina masharti yangu. Mchezo ukiendelea, simu inakaa mfukoni. Ukiisha, wenye mchezo waseme kwanza walichokiona, maana mashine ikitangulia, hakuna atakayefikiri tena. Kisha nitaje programu, kanuni ilizotumia na imechimba kina gani. Mwisho nitafute sababu ya hatua ile, niieleze kwa maneno. Nikiikosa, nakiri kwamba hata mimi sijaelewa.

Mzee yule alilipoteza pambano lile kwa ajili yangu, na bado alinisogezea kiti nicheze naye. Akanifunga mara tatu.