Jiwe la Msingi Halianzishi Mradi: Hoja Kutoka Kakamega

Jiwe la msingi lina mvuto wake. Lina tarehe, lina jina la mgeni wa heshima, na siku linapofunuliwa huwa kuna mahema, ngoma za isukuti na hotuba ndefu. Katika Kaunti ya Kakamega, kama kwingineko nchini Kenya, umma huhesabu umri wa mradi kuanzia siku hiyo. Makala haya yanadai kwamba hesabu hiyo ina kasoro. Jiwe linapofunuliwa, mradi ama umekwisha kuanzishwa ipasavyo au umekwisha kuikosa nafasi hiyo. Kinachouanzisha ni karatasi isiyo na sherehe yoyote: hati ambayo mwenye mamlaka ameitia saini, ikisema kwa nini kazi ifanywe, iishie wapi, nani aiongoze, igharimiwe na nani, na ni katika hali gani isimamishwe. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, nami nadhani ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Tuanze na istilahi, maana mabishano mengi kuhusu miradi hutokana na watu kutumia maneno yaleyale kwa maana tofauti. Mradi, kwa fasili iliyoenezwa na Project Management Institute, chama kilichoundwa Marekani mwaka 1969, ni kazi ya muda inayofanywa ili kupata zao, huduma au tokeo la kipekee. Hutofautiana na shughuli endelevu: kujenga zahanati ni mradi, kutibu wagonjwa ndani yake si mradi. Mawanda ni mpaka wa kazi, yaani yaliyomo na, muhimu vilevile, yasiyokuwamo. Wadau ni wote wanaoguswa na kazi hiyo, wakiwemo wasioitaka. Mdhamini wa mradi ni mwenye mamlaka anayeukubali na kuubebea lawama. Si lazima awe mfadhili, ingawa huku kwetu wawili hao huchanganywa kila siku. Meneja ndiye anayeuendesha kwa madaraka aliyopewa na mdhamini, na hati ya kuanzisha mradi ndiyo inayomkabidhi madaraka hayo. Utaratibu wa PRINCE2, uliotokana na kazi ya serikali ya Uingereza, unakwenda mbali zaidi: unatenga hatua fupi ya maandalizi kabla hata ya kuanzisha, ambamo swali ni moja tu, kama wazo hili linastahili kupangiwa mipango. Kukataa katika hatua hiyo hakugharimu kitu, au hugharimu kidogo sana.

Mfano bora wa mwanzo wa namna hiyo uko Mumias. Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliipa kampuni ya Kiingereza ya Booker McConnell kazi ya kufanya upembuzi yakinifu: je, miwa inaweza kulimwa hapa kwa faida? Eneo lilikuwa la wakulima wadogo waliopanda chakula na kufuga ng'ombe wachache. Baada ya upembuzi lilifuata shamba la majaribio. Ni baada ya hayo ndipo Mumias Sugar Company ilipoandikishwa, mwaka 1971, serikali ikiwa na hisa nyingi zaidi, na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Kwa hiyo kati ya swali na sukari palipita takriban miaka sita, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ni ya kuuliza. Katika kila kituo serikali ingeweza kusema basi: baada ya upembuzi, baada ya majaribio, kabla ya kuandikisha kampuni. Mdhamini alijulikana. Mawanda nayo yalikuwa bayana, yaani kiwanda kimoja, shamba la kampuni kukizunguka, na wakulima wa nje walioletewa pembejeo na huduma kwa mkopo uliokatwa kwenye malipo ya miwa.

Msomaji atauliza mara moja: kama mwanzo ulikuwa mzuri hivyo, mbona kampuni ikaishia mikononi mwa mrasimu aliyeteuliwa na benki ya KCB mwaka 2019? Jibu limo katika tofauti niliyoitaja hapo juu. Mradi wa Mumias ulikamilika kiwanda kilipoanza kazi, na kama mradi ulifaulu. Kilichoanguka miongo minne baadaye ni shughuli endelevu, kwa sababu za madeni, uongozi, sukari ya kutoka nje na ushindani wa viwanda vipya vilivyogombea miwa ileile. Hati njema ya kuanzisha haimkingi mtu na biashara mbovu ya miaka ya baadaye. Inachofanya ni kutuwezesha kusema kwa usahihi ni nini kilichoharibika na lini, badala ya kuitupa historia yote katika kapu moja la "mradi ulioshindwa".

Wakati huohuo, kusini ya wilaya ileile, kulikuwa na jaribio la aina nyingine. Vihiga, ambayo wakati huo bado ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega, ilichaguliwa kuwa moja ya maeneo sita ya Mpango Maalumu wa Maendeleo Vijijini. Wazo lilitokana na mkutano wa Kericho wa mwaka 1966, na utekelezaji ukaanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, Vihiga ikisaidiwa na Wamarekani. Lengo lilikuwa kujaribu mbinu ambazo zingerudiwa nchi nzima. Kila eneo liliwekewa mratibu, na hapo ndipo fundo lilipokaa. Mratibu alikabidhiwa jukumu la kuoanisha kilimo, barabara, afya na mikopo, lakini maafisa wa idara hizo waliwajibika kwa wakubwa wao wa Nairobi, na fedha nazo zilisubiri idhini ya matumizi, ile ambayo kila karani wa serikali anaijua kwa herufi tatu, AIE. Alikuwa na wadhifa pasipo madaraka. Deryke Belshaw na Robert Chambers, waliokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, walibuni utaratibu wa kupunguza tatizo hilo na kuujaribu Mbere, eneo jingine kati ya yale sita: wahusika wote wakae pamoja mara moja kwa mwaka waandike nani atafanya nini na lini, kisha kila mwezi wakutane na kutoa ripoti fupi inayowataja waliochelewa. Ulikuwa utaratibu wa busara. Hata hivyo, naona ulitibu katikati ya safari jambo lililopaswa kutatuliwa mlangoni. Mtu asiyepewa mamlaka kwa maandishi siku ya kwanza atayaomba kila mwezi.

Upo pia mwanzo wa tatu, ulio wa kale kuliko yote hayo na mchungu zaidi. Mwaka 1931 mlowezi Mmarekani, L. A. Johnson, aligundua dhahabu Kakamega, na baada ya muda mfupi Wazungu wachimbaji wakamiminika. Ardhi ilikuwa ya hifadhi ya Waafrika, na sheria ya amana ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imetoa ahadi mbili: kipande kitakachoondolewa kwenye hifadhi kitafidiwa kwa ardhi nyingine, na baraza la wenyeji litashauriwa kwanza. Ahadi hizo zilidumu hadi Desemba 1932. Serikali ya kikoloni iliibadili sheria ili fidia iwe ya fedha na mashauriano yasiwe lazima. Ukitazama kwa jicho la karani, uchimbaji ulianzishwa rasmi kabisa: kulikuwa na sheria, leseni na saini. Mgodi wa Rosterman uliendelea hadi mwaka 1952. Lakini wadau wakuu waliondolewa kwenye mwanzo kwa makusudi, na urasmi ukatumiwa kuwanyamazisha. Nautaja mfano huu kwa sababu unaiwekea mpaka hoja yangu mwenyewe: saini peke yake haitoshi. Hati huwa na uhalali pale tu wanaoweza kusema hapana walipoulizwa kabla ya kalamu kuguswa. Dhahabu ya Ikolomani na jirani zake imerudi mezani katika miaka yetu hii, kampuni ya Shanta Gold ikiwa imenunua haki za utafutaji kutoka kwa Barrick mwaka 2020, na swali la mwaka 1932 limerudi nayo.

Sheria za leo zimejaribu kulijibu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mfumo wa mipango. Kuna mpango jumuishi wa miaka mitano, na chini yake mpango wa kila mwaka ambao hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inamzuia afisa mhasibu kuanza zabuni kabla ya kuridhika kwamba fedha zimo katika bajeti iliyoidhinishwa, na kanuni za uwekezaji wa umma za mwaka 2022 zinadai andiko la wazo na upembuzi kabla ya mradi kukubaliwa. Kwenye karatasi, basi, mlango una walinzi kadhaa.

Shida ni kwamba mstari katika mpango umegeuzwa kuwa idhini. Kakamega ina wadi 60, na kila mwakilishi wadi ana daraja lake, kisima chake, darasa lake la chekechea. Jambo likishaingia katika orodha ya mwaka huchukuliwa kwamba limeamuliwa, ilhali orodha husema tu jina, mahali na kiasi cha fedha. Haisemi nani atalaumiwa. Haisemi kitu gani hakimo. Zahanati hujengwa ikakamilika na kupakwa rangi, kisha hukaa imefungwa kwa sababu wauguzi na dawa viko katika fungu jingine la bajeti, na hakuna ukurasa uliowahi kuyakutanisha mafungu hayo mawili. Ni harusi iliyofungwa bila posa: kila mtu alikula pilau, lakini hakuna aliyeulizwa mahali pa kuishi.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hoja hii ni la harambee. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mwaka 2007 kilianza katika miaka ya 1970 kama chuo cha harambee, WECO, kwa michango ya watu wa Magharibi, na hakuna aliyesubiri upembuzi wa kurasa mia mbili. Je, hati zingekiua? Sidhani. Katika harambee, mdhamini na mfadhili walikuwa wamoja, nao ni wanakijiji waliotoa kuku na shilingi. Uwezo wa kusimamisha ulikuwa mifukoni mwao, kwani wasiporidhika walikoma kutoa. Fedha za kodi hazina breki hiyo. Mlipaji hawezi kuzizuia, na ndiyo maana breki lazima iandikwe. Kwa daraja la wadi ukurasa mmoja unatosha, mradi uwe na saini na sababu.

Kipimo kigumu zaidi ni hospitali ya mafunzo na rufaa ya kaunti, ya vitanda 750, iliyoanza kujengwa chini ya gavana wa kwanza, Wycliffe Oparanya, ikakwama njiani, na mwaka 2022 Fernandes Barasa akairithi ikiwa haijakamilika. Mjadala wa hadhara umekuwa juu ya nani atoe fedha, pamoja na ombi kwamba serikali ya kitaifa iingilie kati. Swali hilo ni la pili. Mradi uliovuka utawala mmoja hadi mwingine unahitaji kuanzishwa upya kirasmi, kana kwamba ni mpya: mdhamini mwingine atie saini, gharama ihesabiwe kwa bei za leo, mawanda yapimwe tena, na iwe halali kabisa kuamua kwamba sehemu ifunguliwe na nyingine iachwe. Uamuzi kama huo utamlazimu mwenye saini kueleza watu wa Kakamega ni wodi zipi hazitajengwa.