Zebaki na Kumbukumbu za Wachimbaji wa Bulyanhulu

Mtu atakaye kuandika historia ya Bulyanhulu hana budi kutegemea vinywa vya watu. Kuhusu miaka ya kabla ya 2001, mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulipoanza kazi, hati zilizopo zatokana zaidi na makampuni na maofisa wa serikali. Habari za maduara yaliyochimbwa kwa sururu, za ugomvi wa mipaka, na za mawe yaliyogawanywa baina ya mwenye duara na watu wake, zimo vichwani mwa wale waliokuwako. Katika makala haya nakusudia kuuliza swali moja tu: vichwa hivyo vilikuwa katika hali gani? Maana katika ukanda wote wa dhahabu, tangu Kahama hata Geita, wachimbaji wadogo wamevuta mvuke wa zebaki kwa miaka mingi, na zebaki ni adui wa ubongo.

Dhahabu ya Geita ilijulikana na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na wakati wa Waingereza palikuwa na mgodi uliodumu hadi mwaka 1966. Wachimbaji wadogo walizidi kuwa wengi katika miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa, na zaidi tangu mwaka 1990, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kununua dhahabu yao. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mawe yalipondwa na kusagwa, unga wake ukaoshwa mwaloni, kisha mchanga mzito uliobaki ukachanganywa na zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki huishika dhahabu na kuuacha mchanga. Donge lililopatikana lilikamuliwa katika kitambaa, likachomwa juu ya moto wa mkaa, mara nyingi karibu na nyumba au ndani yake. Zebaki ikaruka kama moshi usioonekana, dhahabu ikabaki.

Mwezi wa Agosti mwaka 1996 wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa ili kuipisha kampuni. Wachimbaji na watetezi wao walidai kuwa baadhi ya watu walifukiwa wangali hai mashimoni. Serikali na kampuni zikakana. Mwaka 2002 ofisi ya kusikiliza malalamiko katika kundi la Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema kuwa haikuona ushahidi wa madai hayo, lakini mabishano hayakuishia hapo. Shauri zima lasimama juu ya kumbukumbu za watu, na ndiyo sababu swali langu si la udadisi mtupu.

Madhara ya zebaki si habari mpya. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, aliandika mwaka 1700 juu ya mafundi waliopaka vyombo dhahabu kwa zebaki, yaani kwa njia ile ile ya kuchoma, na juu ya watengenezaji wa vioo vya kujitazamia. Mwaka 1861 Adolf Kussmaul alieleza kwa urefu maradhi ya mafundi wa vioo wa Ujerumani: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu huwa mwoga na mwenye hasira za ghafula. Lakini aliyeeleza vizuri kuliko wote ni Alfred Stock, mwanakemia Mjerumani, kwa sababu mgonjwa alikuwa yeye mwenyewe. Alifanya kazi na zebaki miaka mingi katika maabara isiyopata hewa ya kutosha, akaanza kuumwa kichwa, kuchoka na kusahau, asijue sababu. Alipoitambua, aliitangaza mwaka 1926 ili wengine wajihadhari. Stock alikuwa profesa. Alipoanza kusahau, watu waliona kuwa kuna jambo. Mchimbaji wa Geita akisahau na kutetemeka, ni rahisi kumwambia kuwa ni pombe, au uzee, au malaria, au amerogwa.

Mvuke wa zebaki ukivutwa, sehemu iliyo kubwa huingia damuni kwa njia ya mapafu, na kabla haujabadilishwa na mwili hupenya kizuizi kinachoulinda ubongo. Ukiisha kuwamo ndani hubadilika, hushikamana na protini za chembe za neva, na kutoka kwake ni kwa taratibu sana.

Mwaka 2003, katika mradi wa Umoja wa Mataifa, madaktari waliwapima watu wa Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji katika Geita, wakawalinganisha na wakazi wa Katoro. Pamoja na kupima damu, mkojo na nywele, waliwapa majaribio mepesi kutazama: kutembea kwa mstari ulionyooka, kugusa pua kwa kidole macho yakiwa yamefumbwa, kupanga njiti katika kibiriti, kurudia tarakimu walizosomewa. Katika wale waliochoma dhahabu, kiasi cha robo walionekana wameathiriwa na sumu. Aina ya zebaki iliyopatikana katika nywele ilionyesha kuwa kisababishi kikuu kilikuwa mvuke, wala si samaki kama ilivyokuwa Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956.

Je, basi tuseme kuwa ushahidi wa wachimbaji haufai? Nimepata kusikia maneno ya namna hiyo, na kwa maoni yangu hayana msingi. Jaribio la tarakimu hupima uwezo wa kushika jambo la sasa hivi. Halipimi kumbukumbu ya jambo la miaka mingi. Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 1957, Brenda Milner alipoandika pamoja na daktari William Scoville habari za mtu aliyekatwa sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi: hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya, lakini mengi ya utotoni mwake aliyakumbuka. Sisemi kuwa zebaki hufanya kazi ya kisu. Nasema kwamba mtu aweza kusahau alikoweka sururu asubuhi, naye akakumbuka vyema siku aliyofukuzwa.

Tena hofu yenyewe huitia nguvu kumbukumbu. Hans Selye alionyesha mwaka 1936 kuwa mwili hujibu mashaka ya kila namna kwa njia moja, na baadaye James McGaugh wa California akathibitisha kwamba homoni zinazotolewa wakati wa hofu, kwa kupitia sehemu ndogo iitwayo amigdala, hulikaza tukio katika kumbukumbu. Furaha ya ghafula nayo ina njia yake: Wolfram Schultz aligundua katika nyani kuwa chembe za dopamini huamka zaidi tuzo isiyotazamiwa inapofika. Labda ndiyo sababu mchimbaji husimulia kwa utimilifu siku moja aliyopata, akazipita upesi siku mia alizokosa. Mwanahistoria atakayekadiria mapato kwa masimulizi hayo atapata hesabu kubwa mno.

Lakini kukazwa si kuhifadhiwa bila kosa. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka mwezi wa Januari 1986, Ulric Neisser aliwaandikisha wanafunzi wake siku ya pili jinsi walivyopata habari. Zaidi ya miaka miwili baadaye wengi walikosea mambo makuu, hali wakiwa na hakika kabisa. Hao hawakuwa wamevuta zebaki. Kwa hiyo shahidi wa Bulyanhulu hafai kupimwa kwa kipimo kikali kuliko cha shahidi mwingine, awe ofisa au mwajiriwa wa kampuni, ambaye naye alikuwa na hofu yake siku ile.

Lililo la lazima ni kumwuliza kila msimulizi kazi yake: alichimba, aliosha, au alichoma? Mchomaji yampasa aulizwe kwa mapumziko, na majina na tarehe zake zilinganishwe na za wenziwe waliokaa mbali na moto. Na kazi hiyo haifai kungoja. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch liliripoti kuwa katika migodi midogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya watoto walikuwa wakishika zebaki na kuichoma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Watoto wale sasa ni watu wazima, nao ndio watakaoulizwa habari za miaka hiyo.