Miaka 100 ya nini? Sisi wa ng'ambo tuna tarehe zetu

Mtu wa Likoni akipanda feri saa kumi na mbili asubuhi, muulize aenda wapi. Atakwambia, "Naenda Mombasa." Ilhali yuko Mombasa! Kura apiga Mombasa, kitambulisho chasema Mombasa, akiibiwa simu aripoti polisi wa Mombasa. Lakini kichwani mwake Mombasa ni kule ng'ambo, kisiwani. Wa Kisauni naye hivyo hivyo, na wa Changamwe akipita Makupa asema "naingia town".

Nimeanza na hilo kwa sababu juzi hapa maskani kuna jambo lilizuka. Vijana kadhaa tulikuwa twapanga kuunda kamati ya mtaa ya kusherehekea miaka 100 ya mji. Tayari watu walishafika kwenye rangi ya fulana na nani atakuwa diijei. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa yake kando akageuka akatuuliza, "Miaka mia ya nini, wanangu?"

Wasee, tulinyamaza. Hakuna aliyekuwa na jibu.

Nikaenda kusoma. Na nilichopata ndicho nataka kuwaambia, kwa sababu naona tukikosea hesabu hii tutakosea sherehe yote.

Kwanza, Mombasa haina miaka 100. Nairobi yaweza kuhesabu tangu reli ilipofika 1899, Kisumu tangu 1901. Kisumu walifanya sherehe yao ya karne 2001 na wakapandishwa kuwa jiji wakati huo huo. Hiyo ni miji ambayo siku yake ya kuzaliwa iko kwenye ratiba ya treni. Sisi hatuko hivyo. Al-Idrisi aliutaja mji huu katika kitabu chake cha 1154. Ibn Battuta alilala hapa 1331. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, na wakati huo mji ulikuwa ushachomwa na Wareno zaidi ya mara moja.

Na sikia hii ya Ibn Battuta. Aliandika kwamba watu wa kisiwani hawakuwa na mashamba ya nafaka. Walikula ndizi na samaki, na nafaka yao ililetwa kutoka pwani, nje ya kisiwa. Yaani miaka karibu 700 iliyopita, kisiwa kilikuwa kinalishwa na watu wa nje yake. Leo mama anayefunga sukuma na nazi Kongowea usiku wa manane afanya kazi ile ile.

Tena wale wanaodhani ng'ambo ni mahali pa juzi, mujue Wachangamwe ni moja ya Thenashara Taifa, zile kabila kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa. Wao pamoja na Wakilindini na Watangana ndio Miji Mitatu. Hao ni wenye mji. Na Kisauni kuna Frere Town, iliyoanzishwa na wamishenari 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kila siku twashuka stage ya Kengeleni na hatujiulizi kengele gani. Ni kengele ya hao watu.

Sasa, kama mji una zaidi ya miaka 800, ni kitu gani basi kina miaka 100?

Hapa ndipo tarehe zikaanza kujipanga zenyewe. Gati mbili za kwanza za maji ya kina Kilindini zilikamilika 1926. Kufikia 1931 zilikuwa tano. Mwaka huo huo wa 1931 daraja la kwanza la Nyali likafunguliwa, daraja la kuelea juu ya maji, na likabaki hadi hili la sasa lilipokuja 1980. Halafu 1937 ikaja feri ya Likoni. Hesabu wewe mwenyewe: 2026, 2031, 2037. Karne tatu zinafuatana ndani ya miaka 11.

Zote ni habari ya kuvuka. Meli zavuka bahari, watu wavuka mkono wa bahari kwenda kuzipakua. Kilichotimiza miaka 100 ni ule mji wa kuamka alfajiri, kulala ng'ambo na kufanya kazi kisiwani. Huo ndio mji wangu na wako. Na huo ulijengwa na watu ambao hawajawahi kuwekwa kwenye bango lolote.

Chukua daraja la Nyali. Lile la 1931 halikuwa la serikali. Lilikuwa la kampuni ya Nyali Ltd, na kuvuka ulilipia. Miaka ya 1950 kampuni na serikali wakapelekana kortini kuhusu kama magari ya jeshi nayo yanafaa kulipa. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufaa kule London, mbele ya jaji maarufu Denning. Wanafunzi wa sheria dunia nzima bado wanaisoma, kwa sababu Denning alisema sheria ya Kiingereza ni kama mti wa mwaloni: ukiung'oa Uingereza ukaupanda Afrika, usitegemee uote vile vile. Daraja letu liko kwenye vitabu vya sheria vya dunia! Lakini kesi ilikuwa kati ya kampuni na serikali. Mtu wa Kisauni aliyekuwa akivuka na kapu lake hakuna aliyemuuliza kitu.

Chukua bandari. Makuli waligoma 1939. Januari 1947 mji mzima ukasimama: wafanyakazi kama 15,000 wa bandari, reli, mahoteli na majumbani waliweka kazi chini kwa karibu wiki mbili. Chege Kibachia, aliyekuja kuongoza chama chao, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa mbali. Baadaye Changamwe ikageuka mtaa wa wafanyakazi: bandari, reli, uwanja wa ndege, kisha kiwanda cha kusafisha mafuta 1963. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta 2013. Kuna wazee Chaani walioingia hapo vijana, na bado wanakumbuka kila kitu. Hakuna anayewauliza.

Halafu kuna ile tarehe ambayo sherehe nyingi zingependa kuiruka.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka mita chache tu kutoka nchi kavu. Watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wanaenda kazini. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimekua nikiona watu wazima wa Likoni wakinyamaza feri ikiyumba kidogo. Septemba 2019 mama na mtoto wake walitumbukia na gari kutoka kwenye feri, na ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa majini. Nchi nzima ilikuwa inatazama kwenye runinga. Sisi tulikuwa tunapita hapo hapo juu, kila siku, kwenda na kurudi.

Kwa hivyo mtu akiniambia kamati ya miaka 100 ya Mombasa ni fulana na jukwaa, mimi simo. Utaweka vipi jukwaa la feri miaka 100 bila kusoma majina 272?

Najua kuna watakaosema, "Sasa mbona tusherehekee vitu vya mkoloni? Daraja la Mzungu, gati ya Mzungu." Swali zuri, na kwa kweli lilinikwaza mimi pia. Jibu langu ni kwamba aliyefungua daraja kwa mkasi ana siku moja. Aliyelivuka kila siku kwa miaka arubaini ana daraja. Tukiacha tarehe hizi zipite, zitachukuliwa na watu wenye spika kubwa, na hadithi itakuwa ya mkasi.

Basi kamati iwe vipi? Nimeandika yangu, nanyi muongeze kwenye komenti.

Moja, ianzie ng'ambo. Mkutano wa kwanza Likoni, wa pili Kisauni, wa tatu Changamwe. Watu wa kisiwani wavuke waje kwetu, angalau mara moja waonje foleni.

Mbili, viti viwe vya watu wanaovuka. Mvuvi wa Mtongwe, mama wa Kongowea, kuli mstaafu, dereva wa tuktuk, mzee wa Kichangamwe, mtu anayetumia kiti cha magurudumu ambaye anaujua mteremko wa feri kuliko injinia yeyote, na familia za Mtongwe. Vijana tuwe wengi, lakini kazi yetu iwe kushika simu na kurekodi. Kuongea tumeongea sana.

Tatu, hesabu ya pesa ibandikwe ukutani. Kila shilingi. Mwajua vile kamati zetu huvunjikia.

Nne, na hii ndiyo ya haraka: tuanze na wazee, fulana baadaye. Mtu aliyekuwa na miaka 10 wakati wa mgomo wa 1947 alizaliwa karibu na 1937. Yeye na feri ya Likoni ni rika moja. Feri yaweza kubadilishwa ikaletwa nyingine, huyo mzee hatuwezi kumuagiza. Aliyevuka daraja la 1931 likiwa jipya, tukimngoja mpaka 2031 hatutampata.

Nilimuuliza nyanya yangu usiku ule, baada ya maskani. Nilimuuliza tu, "Nyanya, zamani mlikuwa mwavuka vipi?" Alinyamaza kwanza. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole majina ya wanawake aliokuwa akivuka nao asubuhi, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa akiuza nini. Alitaja tisa. Sikuwa nimewahi kusikia hata jina moja kati ya hayo, na nimeishi naye miaka yangu yote.

Hayo majina tisa nimeyaandika. Kamati ikianza, mimi ndo nitakuja nayo kama kumbukumbu za mkutano wa kwanza. Wewe leo ukifika nyumbani, kabla hujafungua TikTok, muulize mtu wako. Kisha urudi hapa chini uandike: wa kwenu alivuka wapi, na alikuwa akienda kufanya nini?