BASENJI: JINSI YA KUMPATA MBWA ASIYEBWEKA BILA KULIZWA

Haya wadau, leo tuongelee mbwa. Siyo hawa German Shepherd ambao kila nyumba yenye geti inao. Nazungumzia basenji, yule mbwa mdogo wa Kongo mwenye mkia uliojikunja mgongoni, ambaye habweki. Picha yake ikionekana mtandaoni tu, vijana wanaanza: "Anapatikana wapi huyu, na bei gani?"

Swali si baya, ila limekaa kinyume. Kwa mbwa adimu kama huyu, la kwanza kujua ni NANI anayeuza, na kwa nini amekubali kukuuzia wewe. Ukiruka hapo, ama utatuma pesa na mbwa usimwone kabisa, ama utampata mbwa ambaye figo zake zitaanza kufeli bado kijana. Kwa hiyo soma mpaka chini kabla hujatuma hata shilingi.

BASENJI NI MBWA GANI?

Asili yake ni misitu ya Afrika ya Kati, hasa Kongo. Huko ni mbwa wa kazi, anakwenda na wawindaji kusukuma wanyama kwenye nyavu. Kwa kuwa ni mkimya, humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi. Jina lenyewe lina undugu na neno letu "mshenzi". Wengi hulifasiri kuwa ni mbwa wa washenzi, maana yake mbwa wa watu wa porini. Dharau za enzi za wakoloni hizo, lakini jina ndiyo limebaki.

Dume ana urefu wa sentimita 43 hivi begani na uzito wa kilo 11. Jike ni sentimita 40 na kilo 10. Manyoya mafupi, masikio yamesimama, kipaji kina mikunjo kama mzee anayewaza kodi ya nyumba. Anajilamba kama paka na hana harufu kali. Na siyo bubu, manake wengi wanadhani hivyo. Ananguruma, analia, na akifurahi hutoa sauti ya ajabu kama mtu anayeimba kwa koo. Asichofanya ni kubweka mfululizo kama mbwa wengine.

Wazungu walijaribu kumpeleka Uingereza mwaka 1895, wale wa kwanza wakafa kwa distempa. Mwaka 1936 Mwingereza Olivia Burn akawapeleka wengine, na 1937 watu wakajazana kwenye maonyesho ya Crufts kumshangaa mbwa asiyebweka. Marekani chama cha wafugaji wake, Basenji Club of America, kilianzishwa 1942.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha mambo. Basenji wengi wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache sana. Ukoo mdogo ukizaliana wenyewe kwa wenyewe, magonjwa ya kurithi yanajikusanya. Ndiyo maana mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari mpaka kaskazini mashariki mwa Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo, kutafuta damu mpya. Mwaka 1990 mbwa wao wakakubaliwa kwenye daftari la ukoo la chama cha mbwa cha Marekani, AKC. Watu hawakwenda mpaka kule kwa mchezo.

UGONJWA WA KUUJUA KWA JINA: FANCONI

Andika pembeni hilo neno, Fanconi. Ni ugonjwa wa figo wa kurithi. Figo zinashindwa kurudisha mwilini vitu vinavyohitajika, hivyo sukari, protini na madini vinatoka na mkojo. Mbwa anakunywa maji sana, anakojoa sana, anakonda. Mara nyingi dalili huanza baada ya miaka 4, yaani mtoto wa wiki nane atakuwa anaruka ruka vizuri tu na huwezi kujua kwa macho. Bila matibabu anakufa. Akigunduliwa mapema anaweza kuishi miaka mingi, ila ni dawa kila siku na vipimo vya damu, mkwanja unatoka. Kosa la kawaida ni daktari kuona sukari kwenye mkojo na kudhani ni kisukari. Kwenye Fanconi sukari ya damu huwa kawaida, ya mkojo ndiyo inapanda.

Habari njema ni kwamba kipimo cha vinasaba kipo. Cha awali kilitoka Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 2007, na cha uhakika zaidi kikafuata 2011. Ugonjwa unarithiwa hivi: mtoto anaumwa pale tu anapopata nakala mbovu kutoka kwa baba NA kwa mama. Ukipandisha mbebaji kwa mbebaji, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 wa kuugua. Ukipandisha mbebaji kwa mbwa safi, hamna mtoto atakayeugua, ingawa baadhi watakuwa wabebaji.

Umeona? Mfugaji makini ana uwezo wa kuhakikisha hazai mtoto hata mmoja wa Fanconi. Asiyepima siyo kwamba hana bahati, ameamua tu kutojali.

Vingine vya kupimwa ni macho (kuna ugonjwa wa kurithi unaoua uwezo wa kuona taratibu), tezi ya shingo na nyonga.

KWA NINI HAPATIKANI OVYO

Mbwa wengi huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka. Jike la basenji kwa kawaida ni mara moja tu. Ulaya na Marekani hupanda kwenye miezi ya Agosti mpaka Novemba, mimba ni siku 63 hivi, kwa hiyo watoto wengi huzaliwa kati ya Oktoba na Januari. Na uzao ni watoto wanne mpaka sita tu.

Fanya hesabu mwenyewe. Mfugaji mwenye majike mawili, akiamua kupandisha yote, ana watoto kama kumi kwa mwaka mzima, na wengi wao wameshawekewa oda. Sasa wewe umeona tangazo la mwezi wa sita linasema "tunao wengi, wa wiki nane, rangi zote, muda wote". Si kwamba haiwezekani kabisa kuzaliwa nje ya msimu, ila huyo mwenye "muda wote" ama anafuga kiwanda, ama hana mbwa kabisa.

WAPI PA KUANZIA

1. Vyama vya aina hii. Basenji Club of America na Basenji Club of Great Britain wana wafugaji wanachama. Waandikie mapema, mwezi wa nne au wa tano, usisubiri Desemba.

2. Vyama vya mbwa vya karibu yetu. East Africa Kennel Club ya Nairobi na Kennel Union of Southern Africa ya Afrika Kusini wanasajili mbwa wa mbegu. Uliza kama kuna basenji waliosajiliwa kwao. Ukiambiwa hakuna, basi hata hilo ni jibu, na yule jamaa wa mtaani anayesema ana "basenji wa cheti" ajieleze cheti kimetoka wapi.

3. Mbwa wakubwa wanaotafutiwa makazi. Marekani kuna kundi la Basenji Rescue and Transport linalowapokea basenji walioshindikana kwa wenyewe. Hii ni kwa wadau mlioko huko. Mbwa mzima tayari tabia yake inajulikana, na hamna msururu wa kusubiri uzao.

Kuhusu wazo la "si niende tu Kongo nikamchukue kijijini", taratibu. Eneo lenye mbwa hawa ni kule kaskazini mashariki, siyo ng'ambo ya Kigoma. Mbwa wa kijiji hana vipimo, hana chanjo, na kumvusha mpaka kimya kimya unaweza kuingiza kichaa cha mbwa nyumbani kwako.

MASWALI YA KUMUULIZA MFUGAJI

- Majina kamili ya usajili ya baba na mama ni yapi?
- Majibu yao ya Fanconi ni yapi: safi, mbebaji au mgonjwa? Nitumie karatasi.
- Macho, tezi na nyonga walipimwa lini?
- Mama ana umri gani na amezaa mara ngapi?
- Naweza kumwona mama akiwa na watoto?
- Nikishindwa kumtunza, utampokea tena?

Akikupa majina, usiishie hapo. Taasisi ya Marekani iitwayo OFA ina daftari lililo wazi kwenye intaneti. Unaandika jina la mbwa, majibu ya vipimo vyake yanatokea. Dakika kumi za cafe zinatosha kabisa. Kama majibu yametoka maabara ya nchi nyingine, omba namba ya cheti kisha iandikie maabara moja kwa moja.

Hilo swali la mwisho la kumpokea tena lina uzito. Mfugaji wa kweli mara nyingi huweka kwenye mkataba kwamba mbwa asiuzwe mtaani wala kutupwa, arudi kwake.

NAYE ATAKUULIZA WEWE

Hapa wengi hukasirika. Mfugaji atataka kujua unaishi wapi, kama nyumba ni yako au umepanga, ukuta una urefu gani, nani anabaki na mbwa mchana, umewahi kufuga nini. Utaona kama anakudharau. Hapana. Basenji anapanda uzio, anakimbiza chochote kinachokimbia, kuku wa jirani akiwemo, na akiachwa peke yake siku nzima anatafuna kochi. Kuitwa arudi anasikia, ila kuja ni hiari yake. Mfugaji anajua hayo, ndiyo maana anakuchuja.

Kanuni fupi: anayekuuliza maswali kumi kabla ya kutaja bei ni wa kumsikiliza. Anayetaja bei kabla ya salamu, muogope.

DALILI ZA TAPELI

Utapeli huu una miaka. Shirika la Better Business Bureau la Marekani lilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu matapeli wa watoto wa mbwa mtandaoni, na wakati wa Korona mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani, ukashamiri zaidi. Unakwenda hivi. Mbwa ni wa bei poa au wa bure kabisa, lipia usafiri tu. Ukishalipa, kampuni ya usafirishaji (ambayo ni yeye mwenyewe) inadai kasha lenye kiyoyozi. Halafu bima. Halafu chanjo. Halafu mbwa amekwama uwanja wa ndege, usipolipa leo utashitakiwa kwa kutesa mnyama. Kila pesa unaambiwa itarudishwa. Unalizwa kidogo kidogo mpaka uchoke.

Jilinde hivi:

- Chukua picha ya mbwa, itafute kwenye Google upande wa picha. Ikitokea kwenye matangazo matano ya nchi tofauti, kimbia.
- Omba video ya moja kwa moja, mtoto akiwa na mama yake. Mwenye mbwa hawezi kukosa dakika mbili.
- Mwambie aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi, aiweke pembeni ya mtoto, apige picha.
- Usitume pesa kwa njia isiyorudi, iwe M-Pesa kwa namba ya mtu usiyemjua, kadi za zawadi au bitcoin.
- Ukiharakishwa ("kuna mteja mwingine anakuja jioni"), muache huyo mteja amchukue.

VIBALI

Ukimpata nje ya nchi, kibali cha kuingiza mbwa kinaombwa KABLA hajapanda ndege. Tanzania unaanzia kwenye wizara inayohusika na mifugo, Kenya kwenye Kurugenzi ya Huduma za Mifugo. Andaa cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali wa nchi anakotoka, rekodi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na maikrochipu. Chanjo hiyo kwa kawaida huchomwa mtoto akiwa na miezi mitatu hivi, kisha inasubiriwa ifanye kazi. Kwa hiyo mtu anayekuahidi mtoto wa wiki nane, chanjo zote tayari, anatua Dar keshokutwa, umeshajua ni nani.

AKISHAFIKA

Mpeleke kwa daktari wa mifugo ndani ya siku chache. Akikua, nunua vile vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo, duka la dawa vipo, na umpime kila mwezi kama wazazi wake hawakuwa safi wote. Asitoke nje bila kamba.

Na kama unaona kusubiri mwaka mzima ni kujitesa, basi jiulize kama ni huyu mbwa unamtaka au ni picha yake. Mbwa huyu akitunzwa anaweza kuishi miaka 12 au 13. Mwaka mmoja wa kusubiri na mfugaji anayepima ni bei ndogo kuliko miaka minane ya kumhangaikia mgonjwa, au kuliko kukaa unaangalia namba ya simu isiyopatikana.

Mdau uliyewahi kufuga basenji, au uliyeombwa pesa ya "kasha lenye kiyoyozi", dondosha uzoefu wako hapo chini wengine wapone.