Nani Atakuja Kukuvuta? Historia ya Bima ya Gari na Msaada wa Njiani

Matawi ndiyo yaliyokuwa ishara. Mjomba wangu aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na lilipozimika njiani utingo wake hakungoja kuagizwa. Alishuka na panga, akakata matawi mabichi, akayatandaza barabarani mbele na nyuma ya lori, kisha akasukuma jiwe chini ya tairi. Mwaka 1984 nilikuwa nao tulipokwama katikati ya mlima Kitonga, tangi likivuja. Mjomba alitoa kipande cha sabuni ya kufulia, akakifinyanga kwa mate mpaka kikalainika, akakishindilia kwenye ufa kwa dole gumba. Uvujaji ukakoma, lakini dizeli ilikuwa imekwisha na hewa imeingia kwenye pampu. Dereva wa lori jingine, mtu tusiyemjua, aliona matawi akasimama. Alitupatia dumu la dizeli la lita 20, akasaidia kutoa hewa, akaondoka.

Lori lile lilikuwa na bima, na stika ilikuwa kwenye kioo. Siku nzima hakuna aliyeitaja.

Huwa naikumbuka Kitonga kila ninaposikia mtu akisema: "Mimi nina bima kubwa, gari likiharibika njiani watakuja kunichukua." Mara nyingi hawaji, wala hawajavunja ahadi. Bima ya gari na msaada wa njiani vililelewa katika nyumba mbili mbalimbali, vikaja kukutana ukubwani. Asiyejua hilo huisoma vibaya hati yake.

Nyumba ya kwanza ni ya sheria. Uingereza iliwalazimisha wenye magari kukata bima kwa sheria ya barabara ya mwaka 1930, wakati magari yalikuwa yakiua watu na familia zao zikikosa wa kumdai, kwa kuwa dereva mwenyewe hakuwa na kitu. Sheria ilimtazama mtembea kwa miguu aliyegongwa. Dereva haikumtazama kabisa, achilia mbali injini yake. Makoloni ya Afrika Mashariki yalipata sheria za mfano huohuo, na ndizo mama wa kile ambacho leo Tanzania tunakiita bima ndogo. Bima ndogo ni ya mwenzako. Ukimgonga mtu, inamlipa yeye. Gari lako likizimika Chalinze saa nane usiku, haina neno la kukuambia.

Msaada wa njiani ulitoka kwingine kabisa, kwenye vyama. Mwaka 1905 wenye magari wachache walikutana London wakaunda chama cha Automobile Association, maarufu kama AA. Kilichowakutanisha hakikuwa pancha, walikuwa wakiwakwepa polisi. Sheria ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, na askari walijificha vichakani na saa mkononi kuwakamata waliozidisha. Chama kikaajiri watu wa baiskeli wa kuzunguka barabarani na kuwaonya wanachama. Mahakama ilipoamua kwamba kumwonya dereva anayekimbia ni kumzuia askari kazini, wakageuza mbinu: mtu wa doria alimpigia saluti kila mwanachama aliyepita na beji ya chama kwenye gari. Siku asipopiga saluti, mwanachama alijua asimame akaulize kuna nini.

Sasa, mtu anayeshinda barabarani na baiskeli, akisimamishwa na kila gari lenye shida, atafanya nini? Atajifunza kuziba pancha. Atabeba spana. Hivyo ndivyo wale walinzi wa saluti walivyogeuka mafundi wa njiani. Kuanzia mwaka 1912 chama kilijenga vibanda kando ya barabara, baadaye vikatiwa simu, na kila mwanachama akapewa ufunguo wake. Ufunguo huo naupenda kuliko kitu chochote katika historia hii. Aliyekwama usiku kwenye mvua alifungua mlango mwenyewe, akaingia, akapiga simu. Alikuwa akiingia kwake, maana kibanda kilijengwa kwa ada yake na ya wenzake.

Ujerumani, chama cha ADAC, kilichoanzishwa mwaka 1903, kilianza doria zake za barabarani mwaka 1928, na magari yake ya njano baadaye yakawapa mafundi wake jina la malaika wa njano. Marekani walichangia chuma. Mwaka 1916 fundi mmoja wa Chattanooga, Ernest Holmes, baada ya kutaabika na watu na kamba kulitoa gari la rafiki yake mtoni, alifunga nguzo, makapi na mnyororo juu ya gari kuukuu. Magari ya kuvutia tunayoyaona leo yakining'iniza daladala mbovu ni wajukuu wa kifaa kile.

Kwetu Afrika Mashariki chama kilitangulia sheria. Royal East African Automobile Association iliundwa Nairobi mwaka 1919, na ndiyo iliyozaa AA ya Kenya ya leo. Magari yalikuwa ya kuhesabika, na wenye nayo walikuwa zaidi walowezi, maofisa na wafanyabiashara. Madereva wa malori waliokuja baadaye, akina mjomba, hawakuwa na beji wala ufunguo. Chama chao kilikuwa matawi. Hakikuwa na ofisi wala daftari, ila kila dereva aliijua kanuni yake: ukiyaona, punguza mwendo, na ukiweza, simama. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, bima ikawa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, mpaka sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Miaka yote hiyo, hasa pale vipuri vilipoadimika, aliyekwama alimtegemea dereva mwenzake.

Nyumba hizi mbili zilikutana kwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Hati ya bima kubwa yenye asili ya Kiingereza ina kifungu cha kuvuta gari: ukipata ajali inayolipiwa, kampuni itabeba gharama stahiki ya kulilinda gari na kulipeleka kwenye gereji iliyo karibu. Lakini hati hiyohiyo, kurasa chache mbele, huondoa uchakavu na kuharibika kwa mashine au umeme. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Ukigonga mti, utavutwa. Betri ikifa, gia boksi ikikatika au maji ya rejeta yakiisha, kwa hati hiyo hukupatwa na jambo lolote.

Msaada wa mambo hayo huuzwa kama nyongeza, au hutolewa kama zawadi ya kumvuta mteja, na kampuni ya bima kwa kawaida haiutoi yenyewe, hukodi. Kenya, kampuni kadhaa huwapa wateja wao wa bima kubwa huduma ya uokoaji ya AA: chama cha mwaka 1919 kikiitwa kuja kujazia pale sheria iliponyamaza. Nyongeza hizo huwa na mipaka ya kilomita, ya mara ngapi kwa mwaka, na ya kiasi cha fedha. Kadi ya njano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987, humvusha dereva wa lori mipaka kadhaa, lakini nayo ni mtoto wa nyumba ya kwanza: inalipa madhara uliyomfanyia mtu na matibabu ya dharura ya waliomo garini. Haivuti.

Na vyama vyenyewe vimebadilika. Mwaka 1999 AA ya Uingereza, baada ya kura ya wanachama wake, iliuzwa kwa kampuni ya Centrica. Mwenye ufunguo akawa mteja. Huduma iliendelea, na kwa mengi ni bora kuliko ya zamani, lakini mwanachama hufika kwenye mkutano kuuliza, mteja hubaki na karatasi.

Basi karatasi isomwe. Nimeisoma yangu mwaka huu, kalamu mkononi, na neno lililonisimamisha ni "iliyo karibu". Lilitungwa katika nchi ambayo gereji haikuwa mbali na kibanda cha simu. Pale Kitonga gereji iliyo karibu ni ipi? Ukienda juu utapita Ilula kabla ya kufika Iringa mjini, ukirudi chini utaitafuta katika bonde lote la Ruaha hadi Mikumi. Nilimpigia simu wakala nikamuuliza: kilomita mnazolipia zinahesabiwa kutoka wapi, gari la kuvutia likitoka Iringa safari yake ya kuja ni juu ya nani, na abiria wangu watalala wapi? Alinyamaza kidogo, akaniomba nimpe siku mbili aulize makao makuu. Jibu lilikuja kwa maandishi, na nimelikunja ndani ya hati, kwenye droo ya gari, pamoja na kipande cha sabuni.