Uwiano wa Uzito na Urefu: Unachopima, Unachokiacha na Namna ya Kuusoma

Na Mwandishi Wetu

Katika vituo vya kutolea huduma za afya, kwenye mabanda ya upimaji wa hiari katika maonesho ya Sabasaba na Nanenane, na hata kwa vijana wanaopima watu uzito kando ya barabara, mwananchi hupanda mizani, hupimwa urefu, kisha huandikiwa namba moja. Namba hiyo ni uwiano wa uzito na urefu, ambao kwenye karatasi za vipimo huandikwa kwa herufi BMI. Wengi huipokea kama matokeo ya mtihani. Aliyepata chini ya 25 huondoka na furaha. Aliyepata zaidi huondoka ameinamisha kichwa.

Usomaji huo una kasoro pande zote mbili, lakini kasoro yenye madhara makubwa zaidi ni ile ya upande wa wenye furaha. Mtu aliyeambiwa kuwa uzito wake unafaa mara nyingi haoni sababu ya kupima shinikizo la damu wala sukari, ilhali magonjwa hayo mawili huweza kukaa mwilini kwa miaka bila kuonesha dalili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.65 atazidisha 1.65 kwa 1.65 na kupata 2.7225, kilo 70 zikigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni 25.7. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, aliye chini ya 18.5 ana uzito pungufu, kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito unaofaa, kuanzia 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 na kuendelea ni kiribatumbo. Inafaa kuangalia neno hilo la mwisho. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, na jina lenyewe linataja tumbo. Lakini hesabu inayotumika kumweka mtu katika kundi hilo haigusi tumbo lake hata kidogo.

Makosa ya upimaji pia hubadili kundi. Mtu yuleyule wa kilo 70, akipimwa urefu akiwa na viatu vyenye soli ya sentimita 3, ataandikiwa mita 1.68 na uwiano wake utakuwa 24.8. Amehama kundi bila kupungua hata gramu moja. Ndiyo maana wahudumu huwataka watu wavue viatu, koti na mkanda, na watoe simu na funguo mifukoni. Maelekezo hayo hayana lengo la kumsumbua mtu.

Chimbuko la kipimo

Kanuni hii haikutungwa na daktari. Ilitokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu na falaki wa Ubelgiji aliyeishi kati ya mwaka 1796 na 1874. Katika miaka ya 1830 alikusanya vipimo vya miili ya watu akitafuta sifa za mtu wa wastani katika jamii, akabaini kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka takribani kwa kadiri ya urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakuwa akitafuta njia ya kumwambia mtu mmoja kama ana afya au hana.

Karibu miaka 140 baadaye, mwaka 1972, mtafiti wa Marekani Ancel Keys na wenzake walilinganisha kanuni kadhaa za aina hiyo kwa kutumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,400 kutoka nchi 5, wakaona kuwa ya Quetelet inafaa zaidi kwa tafiti za makundi makubwa, nao ndio walioipa jina linalotumika leo. Wanawake hawakuwamo katika ulinganisho huo.

Mipaka kati ya kundi na kundi nayo iliwekwa kwa makubaliano ya wataalamu. Hadi mwaka 1998, Marekani ilihesabu uzito uliozidi kuanzia 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwaka huo mpaka ulishushwa hadi 25 kwa wote, na mamilioni ya raia wake wakawa na uzito uliozidi ilhali miili yao ilikuwa ileile ya jana yake.

Kinachoonekana na kisichoonekana

Pamoja na hayo, ingekuwa kosa kukitupa kipimo hiki. Kinahitaji mizani na kipimo cha urefu tu, hakina gharama, na zahanati ya kijijini hukipata sawasawa na hospitali ya rufaa. Uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya milioni 10, ulionesha kuwa miongoni mwa watu wasiowahi kuvuta sigara na wasio na maradhi sugu, vifo vilikuwa vichache zaidi kwa wenye uwiano kati ya 20 na 25, na viliongezeka kadiri namba ilivyopanda juu au kushuka chini ya hapo.

Kwa nchi pia namba hii ina kazi. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, huku asilimia 10 wakiwa na uzito pungufu. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja humwambia mpanga sera kwamba taifa linabeba mizigo miwili ya lishe kwa wakati mmoja. Hapo kipimo kipo mahali pake, kwa kuwa makosa ya mtu mmojammoja humezwa na wingi wa watu.

Shida huanza namba hiyohiyo inapotolewa kama hukumu kwa mtu mmoja. Mizani hupima kila kilichomo mwilini kwa pamoja: mifupa, misuli, maji na mafuta. Mbeba mizigo wa sokoni mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.70 ana uwiano wa 28.4, na karatasi itasema uzito umezidi, hata kama sehemu kubwa ya kilo hizo ni misuli. Mtumishi wa ofisini mwenye urefu huohuo na kilo 68 atapata 23.5 na kuhesabiwa yuko sawa, hata kama mikono na miguu yake ni myembamba na mafuta yote yamejikusanya tumboni. Wakiwekwa mbele ya daktari, yule wa pili ndiye atakayetiliwa shaka kwanza.

Sababu ni kwamba mafuta hayafanani kwa athari. Yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana madhara makubwa yakilinganishwa na yale yanayozunguka ini, utumbo na kongosho. Haya ya ndani hudhoofisha kazi ya insulini, hupandisha mafuta katika damu na kuuweka mwili kwenye njia ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la juu la damu na maradhi ya moyo. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliojumlisha tafiti 25 zenye watu karibu 32,000 ulikuta kwamba vigezo vya kawaida vya BMI viliwatambua takribani nusu tu ya watu waliokuwa na mafuta kupita kiasi. Nusu nyingine waliambiwa, kwa maana hiyo, kuwa hawana tatizo.

Tofauti za asili nazo zina uzito wake. Mwaka 2004 jopo la wataalamu wa Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa jamii za Asia viwango vya tahadhari vya 23 na 27.5, kwa kuwa wengi wao hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu. Utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika Uingereza, uliohusisha watu zaidi ya milioni 1.4, ulikadiria kuwa hatari ya kisukari anayokuwa nayo Mzungu mwenye uwiano wa 30 humpata mtu mwenye asili ya Asia Kusini akiwa na 23.9, Mwarabu akiwa na 26.6, na mtu mweusi akiwa na 28.1. Katika miji ya pwani, ambako familia zenye asili ya Afrika, Uarabuni na Bara Hindi zimeishi mtaa mmoja kwa vizazi vingi, takwimu hizo zinatuhusu moja kwa moja.

Kipimo cha kiuno

Kinachosaidia kuziba pengo ni mzunguko wa kiuno, na chombo chake ni futi ya kitambaa ya fundi cherehani. Mtu husimama wima, hutoa pumzi kama kawaida bila kubana tumbo, kisha futi huzungushwa katikati ya ubavu wa mwisho na sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga. Hapo si lazima pawe mahali pa kufungia mkanda wa suruali, kwani wanaume wengi wenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo na kuamini kuwa saizi yao haijabadilika tangu ujana.

Viwango vinavyotumika kimataifa husema hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kwenye 102 na 88. Viwango hivyo vilitokana na vipimo vya watu wa Ulaya. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilielekeza vitumike kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara hadi zipatikane takwimu zao wenyewe. Takwimu hizo zimeanza kupatikana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia vipimo vya watu zaidi ya 24,000 kutoka tafiti 17 za ukanda huo, ulikuta kuwa kiuno cha takribani sentimita 81 ndicho kilichotenganisha vizuri zaidi wenye hatari na wasio nayo, kwa wanaume na kwa wanawake pia. Kwa wanawake tofauti na kiwango cha zamani ni ndogo. Kwa wanaume ni sentimita 13. Mwanamume mwenye kiuno cha sentimita 88 na BMI ya 24 yuko salama kwa vigezo vyote viwili vya zamani, naye ndiye hasa anayepaswa kupima sukari na shinikizo la damu.

Asiye na futi aweza kutumia kamba. Akate kamba yenye urefu sawa na wake, aikunje katikati, aizungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu. Uingereza iliingiza kanuni hii ya nusu ya urefu katika miongozo yake ya tiba mwaka 2022.

Mwelekeo wa taaluma ya tiba sasa ni kuvitumia vipimo hivi kwa pamoja. Mwezi Juni 2023 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliwataka wanachama wake wasiitegemee BMI peke yake. Mwezi Januari 2025 jopo la kimataifa la wataalamu 58 lilipendekeza kwamba mafuta yaliyozidi yathibitishwe kwa kipimo kingine, na kwamba unene uhesabiwe kuwa ugonjwa pale unapokuwa umeathiri viungo au shughuli za kila siku za mtu.

Makundi ya pekee

Vigezo vilivyotajwa havimhusu kila mtu. Mjamzito hupimwa kwa utaratibu wake, na namba yenye maana kwake ni ya kabla ya mimba au ya mwanzoni mwa mimba. Watoto na vijana hadi miaka 19 hulinganishwa na wenzao wa umri na jinsi yao. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa pia mzunguko wa mkono wa juu, ambapo chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji tiba haraka. Mtoto mwenye unyafuzi huvimba miguu na uso, na maji hayo huongeza uzito kwenye mizani wakati mwili unateketea. Vivyo hivyo kwa mtu mzima aliyevimba kwa ugonjwa wa moyo, figo au ini. Wazee nao hupungua urefu na misuli, hivyo namba yao yaweza kubaki palepale wakati nguvu zinaondoka.

Lipo jambo moja ambalo kipimo cha siku moja hakiwezi kulionesha kabisa, nalo ni mwelekeo. Katika jamii yetu kitambi kilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa alama ya maisha mazuri, na kukonda kukaogopwa, hasa baada ya miaka ya mwanzo ya UKIMWI. Hofu hiyo imewafanya wengine wasipunguze uzito hata walipoelekezwa, na wengine wafiche kupungua kwao. Mtu aliyetoka 29 hadi 24 kwa kubadili chakula na kufanya mazoezi ana sababu ya kufurahi. Aliyefika 24 hiyohiyo ndani ya miezi michache bila kukusudia anaweza kuwa na kifua kikuu, kisukari, maambukizi ya VVU au saratani, ingawa karatasi yake inasema uzito unafaa. Huyo afike kituo cha afya bila kuchelewa, aeleze uzito aliokuwa nao awali, na ataje kama ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, kutoka jasho usiku, au kiu na kukojoa mara kwa mara.